Taya Limepona, Jicho Limelegea

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya Nairobi ambayo leo ni Kenyatta, alikuwa akiwatibu kwa dawa watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache. Baadhi yao walirudi baadaye, taya safi kabisa, lakini kope moja imelegea, jicho haligeuki, uso umepinda.

Ugonjwa huo wa saratani daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameuandika mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliendesha gari kilomita zipatazo 16,000 wakipita hospitali moja baada ya nyingine, wakagundua kwamba unafuata joto na mvua: kando ya Ziwa Victoria, mwambao wa Pwani. Nyanda za juu kama Nairobi ziliponea. Kwa hiyo watu wa mitaa ya Kaloleni na Makongeni jijini humo, ambako wengi walitokea Nyanza, kando ya ziwa, waliweza kuujua zaidi kupitia mtoto wa jamaa aliyeletwa kutoka ushago.

Saratani nyingi za watu wazima, kama ya mapafu au ya matiti, hufika ubongoni kwa njia ya damu na kuota vinundu humo. Hii ya watoto hufanya hivyo kwa nadra. Hutambaa kwenye utando unaoufunika ubongo, huelea katika maji yanayouzunguka, na huishambulia mishipa ya fahamu ya macho na uso. Dawa ya mshipani haipenyi humo vya kutosha, ndiyo maana taya lilipona na kichwa kikabaki na ugonjwa.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na chini ya mkurugenzi wake John Ziegler madaktari wa Kampala waliitia dawa ndani ya maji yenyewe, ambayo hushuka hadi mgongoni. Mtoto hulazwa ubavu, magoti yakagusa kifua, muuguzi akamshika mabega. Sindano nyembamba huingia kati ya pingili za chini za mgongo. Matone maangavu kama maji ya kunywa hukingwa kwa ajili ya maabara, kisha dawa ya methotreksati huingizwa polepole. Mafunzo hayo ya Afrika Mashariki yaliisaidia dunia nzima, na naona tumeyasimulia kidogo mno.

Katika mitaa ya Nairobi kama Kayole na Dandora bado utaambiwa kwamba sindano ya mgongo hupoozesha. Woga huo unaumiza, na hauna msingi, kwa sababu sindano huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Kinachoweza kupoozesha miguu ya watoto hawa ni saratani yenyewe ikiubana uti, na waliowahi kutibiwa mapema, baadhi yao walisimama na kutembea tena.