Jukwaa la Ngome Kongwe na Martin Mhando

Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa leo zinazunguka jukwaa la wazi la Tamasha la Filamu la Zanzibar (ZIFF).

Tamasha hilo liliwahi kuongozwa na Martin Mhando, mwongozaji filamu Mtanzania. Alitoa Mama Tumaini (1986), kisha Maangamizi, pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Humo Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa wa akili aliyenyamaza miaka mingi. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar, mwaka 2001.

Tafadhali usipande kuta wala kuziandika.