Gari-nyumba kuukuu linapochemka

Gari-nyumba hubeba vitanda, jiko na tangi la maji. Uzito huo huichosha injini kuukuu, hasa mlimani. Mshale wa joto ukipanda, egesha na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa: maji yaliyobanwa humo huweza kupita nyuzi 100 na kukubabua uso.

Likichemka likiwa limesimama, kagua feni na ukanda wake. Likichemka kwa kasi au mlimani, shuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Mpira wa juu ukiwa moto na wa chini baridi, pengine thamostati imekwama.

Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameiingilia, aghalabu kupitia gasketi iliyoungua. Usiliwashe tena; livutwe hadi gereji.