Faili la Meru, daftari la Embu: je, blokucheni inaweza kutunza siri ya mgonjwa?

Siku hizi wauzaji wa programu za hospitali wana neno moja mdomoni: blokucheni. Weka rekodi za wagonjwa humo, wanasema, na siri itakuwa salama. Kabla hatujanunua, tuangalie historia kidogo, hasa ya huku Meru na Embu, tuone siri ya mgonjwa imewahi kutishiwa na nini.

Hadi mwaka 2013 mji wa Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na Meru ilikuwa ndani ya mkoa huo huo. Rekodi ya mgonjwa ilikaa kwenye faili la hospitali na kwenye kadi ya kliniki aliyoibeba mwenyewe. Ripoti zilizopanda kutoka wilayani hadi mkoani zilikuwa za jumla: wenye malaria wangapi, waliojifungua wangapi. Kinga kubwa ilikuwa uzito wa karatasi. Aliyetaka kusoma mafaili elfu kumi ilimbidi afungue mafaili elfu kumi.

Kisha tarakilishi zikaja. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kutumia mfumo wa rekodi uliojengwa kwa Microsoft Access, matunda ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Mwaka 2004 ukaanzishwa mradi wa programu huria ya OpenMRS, na 2006 ikaanza kazi Eldoret chini ya AMPATH. Kuanzia 2012 ikajengwa KenyaEMR juu ya OpenMRS, ikasambazwa kwenye vituo vingi nchini vinavyohudumia wenye virusi vya UKIMWI. Sasa mafaili elfu kumi yanasomeka kwa amri ya mstari mmoja.

Mwaka 2013 huduma za afya zikagatuliwa. Hospitali kuu ya Meru na ile ya Embu zikawa chini ya serikali mbili za kaunti. Hospitali za misheni, kama Nkubu na Kyeni, zina wenyewe. Mgonjwa anayeshuka kutoka Meru hadi Embu anapita kaunti ya tatu, Tharaka-Nithi. Hakuna kaunti iliyo mkubwa wa nyingine. Shikilia hilo, tutalirudia.

Februari 2015 likatokea jambo ambalo kila mwanaprogramu anafaa kulijua. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti zote, Meru na Embu zikiwemo, wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuwafikishia huduma. Lakini fikiria jina la mtoto wa darasa la tatu kwenye orodha ya ofisi ya utawala! Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwa agizo hilo lilikiuka Katiba, ikiwemo haki ya faragha ya kifungu cha 31, na akaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa kodi ndani ya siku 45.

Turudi kwenye blokucheni. Asili yake ni ya zamani kuliko Bitcoin. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza namna ya kupiga nyaraka za kompyuta muhuri wa saa. Unakokotoa hashi ya faili, yaani namba ndefu inayobadilika yote ukigusa herufi moja, kisha unaiunganisha na hashi iliyotangulia. Atakayebadilisha ya jana ataharibu mnyororo mzima hadi leo. Mwaka 2009 Bitcoin ilitumia wazo hilo kwenye fedha. Mwaka 2016 Estonia ilianza kulitumia kwenye rekodi za afya pamoja na kampuni ya Guardtime. Angalia vizuri: rekodi zenyewe hazikuingia kwenye mnyororo, ziliingia hashi tu.

Je, mnyororo huo ungezuia agizo la 2015? La. Hapakuwa na mwizi aliyevunja kufuli; aliyekuja alikuwa na mamlaka ya kuomba ufunguo. Waliosimamisha orodha ile ni walalamikaji, Katiba na jaji.

Hata hivyo kazi ya blokucheni ipo. OpenMRS haifuti rekodi kabisa. Huiwekea alama kuwa imebatilishwa, na nani, na lini. Vizuri sana, ila mwenye nywila ya hifadhidata anaweza kubadilisha alama hizo pia. Hapa ndipo kaunti zisizo na mkubwa zinafaidiana: Meru, Embu, Tharaka-Nithi na hospitali za misheni zikitunza pamoja daftari la hashi za kila aliyeandika na kila aliyesoma, msimamizi wa kituo kimoja hawezi kulifuta peke yake. Mama akishuku kuwa faili lake lilichunguliwa, ushahidi upo wa kupeleka mahakamani.

Lakini jina lisiingie humo kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kudai data yake irekebishwe au ifutwe katika hali fulani, na mnyororo haufuti. Wala usidhani hashi ya namba ya kitambulisho ni siri. Tarakimu nane ni namba milioni 100 tu; laptopu ya kawaida inazijaribu zote kabla chai haijapoa. Namba ya mgonjwa wa kliniki ya virusi ni nyepesi zaidi: tarakimu tano za kituo zinajulikana, zimebaki tano, yaani uwezekano laki moja. Lazima uchanganye na ufunguo wa siri unaobaki kituoni.

Basi akija muuzaji na blokucheni yake, muulize maswali mawili. Ufunguo huo anao nani? Na likija agizo jingine kama la 2015, nani ana uwezo wa kusema hapana?