Dawa za sonona na sukari ya damu

Dawa za sonona hutumika kutibu sonona, na baadhi yake hutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu. Kwa mwenye kisukari zinaweza kupandisha sukari ya damu, kuishusha, au zisiiguse kabisa. Yote hutegemea aina ya dawa, kiasi kinachotumika na dawa za kisukari ambazo mgonjwa anazo tayari. Kuzitia zote kapu moja, kama wafanyavyo wengi, ni kupotosha.

Uhusiano wa maradhi haya mawili ulitajwa zamani. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu huleta kisukari. Tafiti za karibuni zimeonyesha kuwa sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya watu wengine. Aliyesononeka husahau dawa, huacha kutembea, hula ovyo au hali kabisa, na mwili wake unaweza kutoa kwa wingi kotisoli, homoni inayolifanya ini limwage glukosi kwenye damu. Ndiyo maana sonona ikitibiwa sukari huweza kutulia, hata pale dawa yenyewe isipokuwa na athari yoyote kwa glukosi.

Dawa ya kundi hili iliyozoeleka zaidi katika hospitali za Afrika Mashariki ni amitriptilini, ya ukoo mmoja na imipramini, ambayo Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza mwaka 1957 kuwa inatibu sonona. Wagonjwa wengi wa kisukari hawapewi amitriptilini kwa sababu ya huzuni, bali kwa sababu ya miguu inayowaka moto usiku. Kwa kazi hiyo huanzishwa na miligramu 10 au 25 wakati wa kulala. Dawa hii hufunga vipokezi vya histamini, na hapo huja usingizi na hamu ya kula, hasa vyakula vya wanga na vitamu. Uzito ukiongezeka, insulini hufanya kazi kwa shida na sukari hupanda polepole. Jaribio la nortriptilini, jamaa yake wa karibu, lililochapishwa mwaka 1997, lilionyesha mvutano wenyewe: dawa ilielekea kuisukuma sukari juu, na nafuu ya sonona ikaivuta chini.

Amitriptilini pia hukausha mdomo. Anayeutuliza ukavu huo kwa soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, atakuta kipimo kimepanda, na lawama itaiangukia dawa. Tena kinywa kikavu ni dalili ya sukari iliyopanda yenyewe. Kutofautisha kunataka kuchoma kidole na kupima.

Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huelekea upande wa pili. Mwanzoni hupunguza hamu ya kula, na kwa baadhi ya watu mwili huitikia insulini vizuri zaidi. Hatari ya sukari kushuka mno iko kwa anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Anayetumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra sukari yake kushuka kupita kiasi. Fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, ina njia yake ya kuishusha: huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa za jamii ya glibenklamidi, zikabaki nyingi damuni.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio na wasiwasi humshika. Fluoksetini nayo, katika siku za mwanzo, inaweza kuleta mtetemeko, jasho na wasiwasi vilevile. Anayemwambia mgonjwa "hiyo ni dawa tu, utaizoea" bila kumpima anabahatisha, na kubahatisha huku kunaweza kumfikisha mgonjwa kwenye kuzimia.

Duloksetini inatumika kwa sonona na kwa maumivu ya neva ya kisukari pia. Katika majaribio yaliyofika wiki 52, sukari ya kabla ya kula iliongezeka kwa wastani wa miligramu 12 kwa desilita, yaani chini kidogo ya milimoli 0.7 kwa lita: ongezeko dogo, lakini lenye uzito kwa ambaye kipimo chake kilikuwa tayari juu. Mirtazapini na paroksetini hujulikana kwa kuongeza uzito. Bupropioni haina tabia hiyo, ila inaweza kuleta degedege, na hatari hiyo huzidi kwa mgonjwa ambaye dawa zake za kisukari humshusha sukari mara kwa mara.

Kuacha dawa nako hubadilisha mambo. Maelezo rasmi ya fluoksetini yanaonya kwamba sukari inaweza kupanda baada ya kuiacha, hivyo insulini iliyopunguzwa huenda ikabidi irudishwe juu kwa ushauri wa daktari. Na kwa kuwa fluoksetini na zao lake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kupanda huko kunaweza kuja wakati mgonjwa hakumbuki tena kwamba kuna dawa aliyoacha.