Darasa na Vyombo Vyake

Msomaji kijana, pengine umepata kuketi katika chumba cha tarakilishi, mkiwa wanafunzi watano mbele ya mtambo mmoja. Mwalimu alieleza, akaagiza. Lakini kabla maelezo hayajatimia mmoja wenu alikwisha kufungua jambo jingine, wa pili akamsonga wa tatu apate kuona, na yule aliyekaa pembeni kipindi kikamwishia asiguse hata kitufe kimoja. Siku hiyo ni nani aliyeliharibu somo? Aghalabu sisi hulaumu chombo, au humlaumu mwalimu. Kabla hujatoa hukumu, nataka kukusimulia habari za vyombo vilivyoingia darasani katika muda wa miaka 200 na zaidi, na jinsi walimu na wanafunzi walivyojitahidi kuvitawala. Utaona kwamba shida yako si ngeni, na dawa yake si ngeni pia.

Tuanzie kwetu. Katika mji wa Lamu, katika Mombasa na katika miji mingine ya mwambao, watoto wa chuoni walijifunza Kurani kwa ubao wa mti. Maneno yaliandikwa juu yake kwa wino wa masizi. Mtoto akiisha kuyahifadhi, ubao ulioshwa ukaandikwa tena. Watoto walisoma kwa sauti, na waliotangulia waliwafundisha waliofuata. Mwalimu hakuhitaji kumtazama kila mmoja, kwani sikio lake lilimjulisha ni nani anayesoma na ni nani aliyenyamaza. Tena ubao ule ulikuwa na kazi moja tu. Mtoto aliyeushika hakuweza kupata ndani yake mchezo wala porojo; alipata somo lake, au hakupata kitu.

Sasa tuvuke bahari, tufike London. Mwaka 1798 kijana mmoja aliyeitwa Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto wa maskini katika mtaa wa Southwark. Watoto walimjia kwa mamia, na yeye hakuwa na fedha za kuajiri walimu wa kumsaidia. Akafanya kama wafanyavyo wenye akili katika dhiki: akawateua wanafunzi wakubwa wawe viranja, kila mmoja akapewa kundi dogo la kufundisha. Mwalimu mwingine wa Uingereza, Andrew Bell, alikuwa amekwisha kuona mambo ya namna hiyo huko Madras, Bara Hindi, ambako watoto waliandika kwa kidole juu ya mchanga, na mwaka 1797 alitoa kitabu juu yake. Katika shule ya Lancaster wadogo waliandika juu ya mchanga uliotandazwa, na waliowazidi waliandika juu ya vibao vya jiwe.

Fikiri, msomaji, mamia ya watoto katika ukumbi mmoja, na kila mmoja ana kibao cha kuandikia mkononi. Lau kila mtoto angeandika alipotaka na kufuta alipotaka, ukumbi ungekuwa soko. Lancaster aliweka ishara. Kwa amri moja vibao vyote viliinuliwa na kuonyeshwa. Viranja walipita wakakagua. Kwa amri nyingine vibao vilishushwa. Hata kofia zilikuwa na utaratibu wake: zilifungwa kwa uzi zikaning'inia mgongoni mwa wenyewe, zisipotee wala zisigombewe. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yaliyomwezesha mwalimu mmoja kusimamia umati.

Walakini usidhani kwamba utaratibu ule haukuwa na ila. Lancaster alichukia kiboko, lakini mahali pa kiboko aliweka aibu. Mtoto mkosaji aliweza kufungwa gogo shingoni, au kutiwa katika kikapu akapandishwa darini, wenziwe wakamcheka. Tena watoto wengi walijifunza kukariri upesi bila kufahamu, wakafanana na magurudumu ya mtambo. Hapa tunapata fundisho la kwanza: utaratibu unaomsahau mtoto hulinyamazisha darasa, lakini haulielimishi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 chombo kingine kilianza kuenea, nacho ni ubao mweusi wa ukutani. Watu wengi wamekidharau kwa sababu wamekizoea. Lakini kilileta mabadiliko makubwa. Kabla yake kila mtoto alitazama kibao chake. Baada yake macho ya watoto wote yalielekea mahali pamoja, na mwalimu akigeuka aliweza kusoma nyuso zao zote kwa dakika moja. Aliyelala alionekana, aliyeshangaa alionekana, na asiyefahamu alijulikana kwa paji la uso wake. Kwa miaka mingi mno nidhamu ya darasa ilisimama juu ya msingi huo: macho mengi kwa ubao mmoja, na jicho moja kwa nyuso nyingi.

Msingi huo ndio uliotikiswa na tarakilishi. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ulianzishwa mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Mwanafunzi aliketi mbele ya kioo, akaulizwa swali, akajibu, akasahihishwa papo hapo. Hii ilikuwa neema kubwa, kwa maana kila mtu aliweza kwenda kwa mwendo wake. Lakini mitambo ilipounganishwa, wanafunzi walianza kuitumia kwa mambo mengine. Kufikia 1973 walikuwa wakipelekeana habari na kuzungumza kwa maandishi, na michezo ikashamiri. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba vijana wa leo ndio wa kwanza kuacha somo wakafuata mchezo, hajui historia. Kioo kile kilikuwa na kazi elfu, na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa hakuona tena uso wala kazi. Aliona migongo ya mitambo.

Mwaka 2013 jiji la Los Angeles, Marekani, lilianza kuwagawia wanafunzi vishikwambi, katika mpango ambao gharama yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 1. Wakubwa wa shule waliweka kufuli za kidijitali ili wanafunzi wasifungue ila mambo ya masomo. Hazikupita wiki nyingi kabla ya wanafunzi wapatao 300 kuzivunja kufuli hizo, wakaingia mitandaoni walivyopenda. Shule nyingine zikavikusanya vifaa vyao, na mwaka 2014 mkataba ukasimamishwa, kwa sababu zilizohusu pia namna ya kununua vifaa hivyo. Fedha zilitangulia, kufuli zikafuata, mapatano na wanafunzi yakasahauliwa. Mlango ukifungwa kwa komeo tu, aliye ndani hukesha akilitafuta komeo.

Nchini Kenya serikali ilianza mwaka 2016 kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma, kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza. Kabla ya hapo shule nyingi zilipelekewa umeme. Zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa katika shule zaidi ya 20,000, pamoja na vifaa vya walimu na projekta. Kazi hiyo haikuwa ndogo, nayo yastahili sifa. Lakini ziko shule ambazo vishikwambi vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi au ya kuharibika. Tazama jinsi watu wa Los Angeles na watu wa shule hizo walivyokosea kwa njia mbili zinazopingana: hao walitoa chombo bila mapatano, na hawa walikilinda chombo hata kikakosa kazi. Katika hali zote mbili mtoto alirudi nyumbani bila faida.

Sasa nikupeleke Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Katika shule ya sekondari ya Keriko alifundisha sayansi na hisabati mwalimu Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Kifransisko. Shule ilikuwa na tarakilishi 1 tu, mtandao wake ulikuwa dhaifu, na mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58. Mwalimu huyu hakungoja vifaa vingi. Alikwenda mahali penye mtandao, akachukua mafunzo aliyoyataka, akarudi nayo darasani akayatumia bila kuhitaji mtandao. Mwaka 2019 alitunukiwa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya walimu, yenye thamani ya dola milioni 1. Zingatia jambo moja: somo lilikuwa limechaguliwa kabla ya mtambo kuwashwa. Mwalimu alijua anakwenda wapi, na chombo kilikuwa punda wake, si kiongozi wake.

Tukiyakusanya haya yote, tunaona kwamba darasa la vyombo vya kidijitali linahitaji mambo yale yale ya kale katika vazi jipya. Lahitaji ishara inayojulikana na wote, ili mwalimu akisema vioo vifunikwe vifunikwe, kama vilivyoshushwa vibao vya Southwark. Lahitaji zamu katika kila kundi, mmoja abonyeze, mwingine asome, wa tatu aandike, kisha wabadilishane. Lahitaji mwalimu asiyeketi mbele ya vioo bali apitaye nyuma ya wanafunzi, aone kazi na apate kusaidia. Zaidi ya yote lahitaji kazi yenye maana na muda uliopimwa, kwa sababu mkono usio na kazi hutafuta mchezo.

Lakini mapatano hayawi mapatano pasipo watu wawili. Mwalimu mmoja hawezi kutazama vioo 50 kwa wakati mmoja, na hapana kufuli ambayo kijana mwerevu hawezi kuifungua. Nusu ya utaratibu imo mkononi mwako, msomaji. Unapofungua usichoagizwa, humwibii mwalimu, kwa maana yeye alikwisha kuijua habari anayokufundisha. Unamwibia yule mwenzio aliyeketi pembeni, ambaye pengine kwao hakuna umeme wala simu ya maana, na ambaye dakika 40 za kipindi ndizo bahati yake ya pekee kwa juma zima. Kipindi kijacho msogezee kiti, umpe zamu yake.