Ziara za nyuma ya pazia (Berlin na viunga vyake)

Ziara za nyuma ya pazia ni matembezi yanayoandaliwa ili wananchi waone sehemu za kampuni na taasisi ambazo kwa kawaida hufungwa: karakana, ghala, maabara, vyumba vya majalada, ofisi za wakubwa. Katika jiji la Berlin na jimbo la Brandenburg linalolizunguka, ziara hizi ni desturi iliyokomaa. Nyingi hutangazwa kama burudani ya mwisho wa wiki, lakini thamani yake halisi hupimwa kwa swali moja: ufunguo uko mikononi mwa nani? Pale mlango ulipofunguliwa na sheria au na shinikizo la wananchi, mgeni huelewa jinsi taasisi inavyofanya kazi na inavyokosea. Pale mwenyeji anapofungua kwa hiari yake tu, mgeni huonyeshwa kile kinachompamba mwenyeji.

Chimbuko

Historia ya Berlin yenyewe ndiyo ushahidi wa kwanza. Tarehe 15 Januari 1990, miezi miwili baada ya Ukuta kuanguka, waandamanaji waliingia kwa nguvu makao makuu ya Stasi, idara ya usalama wa taifa ya Ujerumani Mashariki, katika eneo la Lichtenberg. Walitaka kuzuia majalada yasiendelee kuharibiwa. Mwaka huohuo jengo lenye ofisi ya Erich Mielke, waziri aliyeiongoza Stasi, likafanywa makumbusho chini ya chama cha raia, na Desemba 1991 ikaanza kutumika sheria iliyowapa watu haki ya kusoma majalada waliyofunguliwa. Yakipangwa kwenye rafu, majalada hayo hufikia kilomita 111, na tangu Juni 2021 yako chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho. Hakuna mkuu wa taasisi aliyealika watu wale. Walijifungulia wenyewe, kisha sheria ikahakikisha mlango haufungwi tena.

Hali ni hiyohiyo katika gereza la zamani la Stasi la Hohenschönhausen. Wakati wake, eneo hilo liliachwa tupu kwenye ramani za Berlin Mashariki, na wafungwa waliletwa ndani ya magari yasiyo na madirisha, yaliyofichwa kwa sura ya magari ya kupeleka bidhaa, wasijue wamefikishwa wapi. Kwenye korido kulikuwa na taa za ishara: ikiwaka nyekundu, mfungwa aliyekuwa akipitishwa aligeuzwa uso ukutani ili asimwone mwenzake. Baadhi ya waongozaji wa ziara ni watu waliowahi kufungwa humo. Mgeni huelezwa matumizi ya chumba cha mahojiano na mtu aliyewahi kuketi upande wa anayehojiwa, na maelezo ya namna hiyo hayapatikani katika kijitabu chochote cha idara ya mawasiliano.

Matukio ya mwaka

Siku ya Majengo ya Urithi ilianza Ujerumani nzima mwaka 1993 na hufanyika Septemba. Usiku Mrefu wa Makumbusho ulianzia Berlin mwaka 1997, na ule wa Sayansi ukafuata mwaka 2001.

Makumbusho ya Historia ya Asili

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa ndipo penye uzito. Ukumbi mkuu una kiunzi cha dinosaria chenye kimo cha mita 13.27, yule ambaye Watanzania humwita mjusi wa Tendaguru. Mifupa yake ilichimbwa karibu na Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati majeraha ya vita vya Maji Maji yalikuwa bado mabichi. Mamia ya vibarua walichimba chini ya wasimamizi wenyeji, akiwamo Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kwa siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Kiunzi kilisimamishwa mwaka 1937, na kwa miongo mingi mgeni alionyeshwa ukubwa wa mnyama na umahiri wa wanasayansi wa Kijerumani, huku waliochimba wakipewa nafasi finyu.

Jengo hilohilo lina upande wa mashariki uliobomolewa kwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kujengwa upya mwaka 2010. Humo, nyuma ya kuta za kioo, imepangwa mitungi ipatayo 276,000 yenye samaki, nyoka na buibui waliohifadhiwa ndani ya spiriti. Mgeni huitazama ghala hiyo kupitia kioo. Ni mandhari ya kuvutia sana, lakini kioo huonyesha kilichohifadhiwa bila kueleza kilipatikanaje. Maelezo hayo yalihitaji msukumo kutoka nje: wabunge wa Tanzania waliuliza mara kwa mara kuhusu mjusi huyo, na watafiti wa historia wakaingia kwenye nyaraka za uchimbaji ule. Kitabu chao cha mwaka 2018 kuhusu mifupa hiyo kilifafanua kazi na ardhi ya watu wa Lindi.

Bunge

Kuba ya kioo ya jengo la Reichstag, iliyosanifiwa na Norman Foster, inawaruhusu wageni kutembea juu ya ukumbi wa wabunge. Bunge la Ujerumani lilianza kukutana katika jengo hilo lililokarabatiwa Aprili 1999.

Viwanda

Kiwanda cha vyombo vya kauri cha KPM, kilichoanzishwa mwaka 1763, hupokea wageni. BMW imekuwa ikiunda pikipiki huko Spandau tangu mwaka 1969. Mfano unaofundisha zaidi ni kiwanda cha magari cha Tesla huko Grünheide, Brandenburg. Tarehe 9 Oktoba 2021, kabla uzalishaji haujaanza, kampuni iliwaalika wakazi wa Berlin na Brandenburg kutazama mitambo, na uwanjani kulikuwa na gurudumu kubwa la bembea. Hofu kuu ya majirani ilihusu maji ya ardhini na msitu, mambo ambayo hayaonekani kwa kutembezwa mbele ya mashine. Kiwanda kilifunguliwa Machi 2022. Februari 2024 wakazi wa Grünheide walipigia kura ya maoni mpango wa kukipanua, na walio wengi wakaukataa. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria, lakini ilidhihirisha kwamba ukarimu haukuwa umejibu maswali yao.

Pingamizi

Wenye viwanda hujibu kwamba kampuni ina siri za biashara na wajibu wa kulinda usalama wa wageni. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu mitambo, ila haigusi takwimu za maji, taka na ajali kazini, ambazo zinaweza kuelezwa bila kufichua ufundi wowote. Wengine husema mwongozaji aliyeteswa hawezi kuwa mwadilifu katika masimulizi yake. Kumbukumbu huweza kukosea, ni kweli. Ndiyo maana majalada yamewekwa wazi pembeni yake, ili ushuhuda na karatasi vipimane. Mwajiriwa wa idara ya matangazo naye ana upande wake, na ziara yake haina cha kuipima.

Hali ya sasa

Kuba ya Reichstag haina kiingilio, ila mgeni hujiandikisha mapema. Magereza, hifadhi na makumbusho ya Berlin yamethibitisha kwamba uwazi wenye manufaa huanza kwa haki ya mgeni kuuliza na wajibu wa mwenyeji kujibu. Ziara isiyo na haki hiyo ihesabiwe kuwa tangazo. Mswahili atakayesimama mbele ya mjusi wa Tendaguru asitosheke na urefu wake. Aulize nani alichimba, kwa ujira gani na kwa ruhusa ya nani.