Misali: wavuvi walipokiokoa kisiwa chao

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizuka mpango wa kukikodisha kisiwa cha Misali ili ijengwe hoteli ya watalii. Kwa anayekitazama kwenye ramani, pale palikuwa mahali pa kutamanisha: kisiwa kisichofika kilomita moja ya mraba, mchanga mweupe, matumbawe yaliyosheheni samaki, wala hapana mji hapana kijiji. Wavuvi wa Pemba walipopata habari, walikuja juu. Kisiwa hicho kilikuwa na wenyewe, nao walikuwa ni wao.

Misali iko magharibi ya Pemba, na mashua ziendazo huko huondokea Wesha, bandari ndogo iliyo jirani na Chake Chake. Wavuvi wa vijiji vya upande huo wamekuwa wakienda dago pale tangu enzi za babu zao. Bahari inapokuwa nzuri hushuka na ngalawa na mitumbwi, madumu ya maji ya kunywa, mchele na unga, wakakaa siku kadhaa. Wengine hutega madema, wengine huvua kwa mshipi au nyavu. Samaki asiyewahi soko hubanikwa au hukaushwa kwa jua, ndipo watu hurudi makwao na kuwaachia nafasi wenzao. Mapango ya kisiwa nayo yana wenyewe, kwani wapo waendao huko kwa dua na nadhiri.

Juu ya yote hayo kuna kisa ambacho mtoto wa Pemba hukisikia mapema. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri, ambaye wenyeji humwita Hadhara, aliwatokea wavuvi akawaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akawaambia basi kisiwa hiki, kilivyoelekea Kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Watalii huongezewa hadithi ya haramia Kidd na hazina aliyoificha, lakini hiyo haina uzito wa ile ya kwanza.

Kwa nini serikali ilitamani hoteli? Jibu liko mashambani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa cha pili kwa ukubwa ndicho kilichobeba karafuu ya Zanzibar. Uchumi wa zao moja una hatari yake. Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, bei ikaporomoka, na katika miaka ya 1980 Zanzibar ikaanza kufungua milango kwa wawekezaji. Unguja ilijaa hoteli za pwani. Pemba, yenye barabara chache na umeme wa kubahatisha, ilibaki nyuma.

Malalamiko ya wavuvi hayakupotea bure. Mpango wa hoteli uliachwa, na mwaka 1998 Misali na bahari inayoizunguka vikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi waliunda jumuiya yao ya hifadhi, wakashirikiana na serikali na shirika la CARE. Makubaliano yalikuwa ya kiungwana: sehemu ndogo ya bahari ifungwe kabisa ili samaki wazaane, kwingineko uvuvi uendelee kwa zana halali, na dago libaki. Mgeni anayekuja kuogelea na kutazama matumbawe alipe ada, na fedha hiyo isaidie ulinzi pamoja na mahitaji ya vijiji.

Hapo ndipo Misali inapotofautiana na Chumbe, kisiwa kilicho jirani na mji wa Zanzibar. Chumbe ilihifadhiwa mwaka 1994 chini ya kampuni binafsi, matumbawe yake yakafungwa kwa uvuvi, na imesifiwa duniani kote. Njia hiyo imefaulu mahali palipokuwa na wavuvi wachache. Misali inategemewa na familia za vijiji vingi, na kuwafungia bahari kungekuwa ni kuwafungia jiko.

Sheria peke yake haikutosha. Boti ya doria haiwezi kuwa kila mahali, na baruti ya kuvulia samaki hulipuliwa kwa dakika moja. Kuanzia mwaka 1999, taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Birmingham, Uingereza, ilishirikiana na wadau wa Misali kulipeleka suala la hifadhi msikitini na madrasa. Masheikh na walimu walifundishwa kulieleza kwa lugha ya dini: mwanadamu ni khalifa katika ardhi, israfu ni haramu, na anayelipua matumbawe anavuruga mizani aliyoiweka Mola. Mvuvi aliyekuwa akimkwepa askari hakuwa na pa kumkwepa imamu wake. Kisiwa ambacho tayari kilihesabiwa kuwa msala wa Nabii hakikuhitaji maelezo marefu.

Mwaka 2005 Misali iliingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba. Eneo lilipopanuka, kazi nayo iliongezeka: vijiji zaidi vya kusikilizwa, bahari zaidi ya kulindwa, na mapato ya watalii yaliyohitaji kugawanywa kwa mikono mingi.

Sasa Zanzibar inahubiri uchumi wa buluu, na tangu mwaka 2021 serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji kwa miaka mingi. Fedha inahitajika, hilo halina ubishi. Lakini kisiwa kisicho na nyumba kinaweza kuwa na wenyewe mia kadhaa, na wenyewe hao hawaonekani kwenye ramani ya mwekezaji. Kabla ya kutiwa saini, sheha aitwe, wavuvi waitwe, waulizwe nani huenda dago pale na msimu gani. Misali ilifika kuwa hifadhi kwa sababu swali hilo lilipigiwa kelele kabla msingi wa hoteli haujachimbwa.